Vumbi Kwenye Chai ya Malkia wa Nyoka

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi, saa kumi alasiri, mke wangu aliniomba maji. Nilipoyaleta hakuyahitaji tena. Nalitaja hilo mwanzoni ili msomaji ajue nilikuwa mtu wa namna gani nilipokaa kwenye benchi letu wiki chache baadaye, na asishangae kwamba mabishano yakiendelea mimi nilinyamaza.

Benchi lenyewe ni ubao mrefu juu ya matofali, ubavuni mwa duka la kinyozi, na linatazamana na mlango wa chumba cha video. Godoro lake jembamba nimelishona mimi, maana kazi yangu ni kujaza na kushona makochi. Kwa ajili hiyo wananiita Sponji. Wanasema pia kwamba nanyonya maneno ya watu na siyatoi. Kinyozi ni Wembe, na jina hilo alipewa kwa ulimi wake kabla hajashika mashine ya kunyolea. Dibaji anafanya kazi kwenye kiwanda cha kupiga chapa. Amesoma kurasa za mwanzo za vitabu vingi mno na hajamaliza hata kimoja. Kahawa anatuuzia mama mmoja mnene, mwenye subira fupi, tunayemwita Birika. Watu hawa nawapenda, lakini sitawasifu. Nimekaa karibu na ujinga wao kwa miaka mingi na naujua hadi harufu yake.

Siku ile chumba cha video kilikuwa kinafungwa. Mwenyewe alikuwa amezeeka, masikio yamemwishia, akahamia kwa binti yake. Aliyekuja kukifungua na kukifagia ni mkwe wake, kijana wa mashati yaliyopigwa pasi. Alitoka amekumbatia boksi la kanda za zamani, akaliweka chini mbele yetu.

— Shikamooni wazee, alisema. Chumba kinakuwa duka la simu. Baba mkwe kasema benchi lichague picha moja, nitainakili ibaki kwenu kama ukumbusho. Nyingine zinakwenda kwa mnunua plastiki. Yuko njiani.

Lazima nieleze jambo moja hapa, la sivyo mengine hayataeleweka. Picha zile zilitoka nchi za mbali, na lugha zake hakuna aliyezijua. Basi nyuma ya ukuta wa mbao, kwenye kijichumba nilichokizibia mablanketi sauti isitoke, walikaa watu wawili na kipaza sauti. Mzee mwenye chumba alisema maneno ya wanaume. Mwanamke mmoja alisema maneno ya wanawake. Sauti zao zikarekodiwa juu ya kanda, picha ikachezwa hivyo miaka nenda miaka rudi. Mzee aliwatangazia watu kwamba yule mwanamke ni mfasiri aliyesoma ng'ambo, na benchi zima liliamini.

Alikuwa mke wangu. Alisoma mpaka darasa la saba, kama mimi. Walikuwa wanaitazama picha mara moja bila sauti, kisha wanaamua wenyewe watu wale watakuwa wanasema nini. Nami nilikaa humo pamoja nao, kwa sababu hakupenda kufungiwa chumba kidogo na mwanamume mwingine mumewe hayupo. Alikuwa mwimbaji wa alto kanisani, na aliniomba nisimwambie mtu, maana hakutaka wazee wa kanisa wajue kwamba sauti ya zaburi na sauti ya jini ni moja. Nilimwahidi.

Katika boksi lile kulikuwa na kanda moja niliyoitaka. Nitasema kwa nini. Kwanza wacha wenzangu waseme, maana hawakusubiri kualikwa.

Wembe: Hapa hakuna kikao. Bibi wa jeneza.

Dibaji: Yule mnyonya damu?

Wembe: Huyo huyo. Gauni jeupe, anakimbia kwenye tope msitu mzima, na pindo halina doa. Niletee mwanamke mwingine wa hivyo.

Birika: Niletee mimi anayemfulia.

Wembe: Na kope zile. Akifumba macho, mshumaa unazimika. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na walikuwa wamemwona huyu.

Dibaji: Shingo tu hiyo, Wembe. Umependa shingo. Mimi nampa dada wa panga, yule wa mshipi mwekundu. Anakata majambazi, anaruka ukuta, anatua kwenye paa, na nywele ziko vilevile kama katoka saluni sasa hivi.

Wembe: Gundi.

Dibaji: Nidhamu.

Wembe: Ndugu yangu, unabishana na kinyozi habari za kichwa? Ile ni gundi ya mbao. Sponji, wewe unaijua gundi. Ile si gundi?

Mimi: Inawezekana.

Wembe: Mmeona? Sponji kakubali. Na Sponji kukubali jambo ni sawa na kupatwa kwa jua.

Mke wangu alimpenda sana dada wa panga, lakini si kwa nywele. Aliniambia: "Mtazame anapotua. Goti linamuuma. Anatabasamu na goti linamuuma." Alikuwa anawatazama waigizaji wale kama mtu anayetazama jamaa zake wako kazini. Alimhurumia bibi wa jeneza kwa ajili ya baridi. "Mabega wazi usiku wote huo," alisema, "na vipele vya baridi vinaonekana, masikini, lakini hatetemeki." Benchi letu limekaa mbele ya wanawake hao maelfu ya saa na halikuona goti wala kipele.

Mkwe aliingiza mkono kwenye boksi, akatoa kanda nyingine.

— Na hii? akauliza.

Kwenye jalada alikuwapo mwanamke mwenye wanja wa kijani hadi kwenye paji la uso, kola ya dhahabu, na nyoka shingoni. Ndiyo niliyokuwa naitaka. Wote walicheka.

Dibaji: Malkia wa nyoka. Weka chini hiyo, utatuletea mkosi.

Birika: Nyoka wa bomba la maji. Nilimwona mshono wake.

Wembe: Pango la maboksi. Jiwe linaanguka, linadunda. Yule mwindaji analia machozi, masharubu yanabanduka. Hiyo ndiyo picha mbovu kuliko zote zilizowahi kuingia kwenye mtaa huu.

Kisha kila mtu akarudi kwenye kikombe chake. Nilijua kinachokuja.

Wembe: Ila lile neno.

Dibaji: Ah. Lile neno.

Karibu na mwisho wa picha ile, mwindaji amefungwa kwenye nguzo ya pangoni. Mienge inawaka. Malkia anamsogelea polepole na kisu, hapepesi macho. Anainua kidevu. Mpaka hapo amekuwa akisema kwa kiburi, maneno ya kutisha. Halafu, kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu aliyechoka na asiye na hasira na mtu yeyote, anasema: "Baba watoto, sukuma mlango, vumbi linaingia kwenye chai." Kisha anamchoma kisu.

Wanalijua kwa moyo. Wembe hulisema akimaliza kunyoa mtu. Dibaji alilisema kwenye harusi ya mpwa wake, na watu wakapiga makofi.

Dibaji: Nitoe utangulizi.

Birika: Utangulizi tu ndio unao.

Dibaji: Chai ni damu. Hilo halina ubishi. Mlango ni uhai. Vumbi ni sisi wanadamu, tulitoka mavumbini. Kwa hiyo malkia anamwambia mwindaji: funga uhai wako, maana ubinadamu unachafua damu yangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni falsafa tupu.

Wembe: Ni upuuzi mtupu. Umeruka neno la kwanza. Baba nani?

Dibaji: Watoto.

Wembe: Baba watoto. Mwanamke hamwiti hivyo mwanamume wa njiani. Mwindaji alizaa naye.

Birika: Saa ngapi? Hawajagusana hata kidole.

Wembe: Mama, wewe ulikuwa unachemsha kahawa. Mwanzo wa picha mwindaji anaingia pangoni na shati, anatoka bila shati. Hukujiuliza?

Birika: Nilijiuliza kama wamekosa hela ya shati la pili.

Wembe: Watoto wapo. Ni mayai. Nyoka hutaga. Yamefichwa huko nyuma ya maboksi, na ndiyo sababu hataki mlango ubaki wazi, mayai yasipoe. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Dibaji: Methali hiyo inahusu kudekeza watoto.

Wembe: Na yai si mtoto?

Dibaji: Basi sikieni jambo ambalo sikutaka kulisema mbele ya mgeni. Yale maneno hayakuandikwa. Yule mwigizaji aliyachomeka mwenyewe. Walikuwa wamemfungia. Mwanamke mzuri namna ile, unadhani alikubali kwa hiari kuvaa bomba la maji? Alikuwa mateka. Akaona kamera, akatoa ujumbe wa siri. Chai ni jina la kachero wao. Mlango ni mpaka wa nchi. Na ndiyo maana hakuonekana tena kwenye picha nyingine.

Wembe: Haonekani? Dibaji, una masikio au una vishikio vya kikombe? Msikilize bibi wa jeneza. Msikilize dada wa panga. Kisha msikilize huyu. Sauti ni moja.

Nilikiweka kikombe changu chini.

Dibaji: Ni moja?

Wembe: Moja. Ni mwanamke mmoja yuleyule. Anabadilisha uso tu.

Dibaji: Basi anabadilisha ngozi. Ni nyoka kweli. Walipiga picha nyoka wa kweli na hawakujua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Birika: Nyoka hana guu, mwanangu.

Dibaji: Ndiyo maana hakuvunjika.

Mkwe alitazama saa yake. Sijui kijana yule alifikiri nini juu ya wazee wa mtaa ule, lakini kama alifikiri vibaya hakukosea.

Maneno yale ya chai hayakuwa ya malkia. Walikuwa wanarekodi mchana wa upepo, mimi nimetoka na chupa ya chai, nimerudi, nimekaa na kikombe mkononi, mlango sikuufunga vizuri. Mke wangu alikuwa amemtolea macho malkia kwenye kioo cha runinga, anasubiri zamu yake. Akanitazama mimi, akasahau kipaza sauti. Mzee hakutaka kupoteza kanda kwa kurudia, akaiacha. Sina sauti nyingine ya mke wangu. Kanda za kwaya zipo, lakini huko anaimba na wenzake wengi, siwezi kumtoa mle. Kwenye kanda ile ya malkia, na hapo tu, anasema nami.

Basi nikafungua kinywa.

Mimi: Chukueni hiyo ya nyoka.

Walinigeukia wote kwa pamoja. Kisha kicheko.

Wembe: Sponji! Jamani, mgane huyu. Kaburi halijaota majani, mwenzetu keshamtaka malkia mwenye bega wazi.

Dibaji: Na mkaa kimya ndiye mla nyama.

Birika: Wembe, ulimi.

Wembe: Namtania, mama. Kicheko ni dawa ya msiba. Sponji, chagua bibi wa jeneza, huyo angalau gauni lake halina doa.

Niliinamisha kichwa. Sentensi moja ingewanyamazisha wote, nami ninayo mdomoni. Lakini nilikuwa nimeahidi, na aliyepokea ahadi hayupo kunifungua. Tena niliwaona akilini wazee wa kanisa waliomsomea sala kaburini, nikawasikia wakisema kwamba marehemu alikuwa anawasemea mashetani kwa malipo. Nikaona heri wanicheke mimi.

Wakapiga kura kwa mikono. Bibi wa jeneza alipata mkono wa Wembe na mkono wa Dibaji, aliyemsaliti dada wa panga bila aibu. Birika alisema yeye hapigi kura kwenye mambo ya vichaa. Mkwe akaweka kanda ya bibi wa jeneza pembeni, akarudisha malkia kwenye boksi.

Mnunua plastiki alifika wakati huo, mtu mwembamba, mizani ya kuning'iniza begani na gunia kwapani. Alisalimia, akaomba kahawa, akakaa mwisho wa ubao. Mkwe alimsogezea boksi. Yeye akaanza kuzitia kanda guniani moja moja, na wenzangu hawakuacha kubishana, maana mgeni kwao ni sikio jipya. Wembe alimsimulia pango, nguzo, kisu, neno, mayai. Dibaji akaongeza kachero. Mtu yule alisikiliza kwa adabu. Malkia wa nyoka alikuwa mkononi mwake.

— Samahani wakubwa, alisema. Picha hii sijaiona. Nauliza tu. Humo pangoni mna chai?

Wembe: Nini?

— Mna kikombe? Jiko? Na mlango mnasema ni wa nini, pango lina mlango?

Wembe alimtazama Dibaji. Dibaji alisema, "Kwa kuanzia," akakomea hapo. Walikuwa wameitazama picha ile mpaka wanajua jiwe lipi litadunda. Wote wawili walikuwa wanapekua pango lile kichwani, kona kwa kona, na niliona kwenye nyuso zao kwamba hawakupata hata kijiko. Birika alishughulika na makaa yake.

Mtu yule hakusubiri sana. Alikuwa na njia ndefu. Akafungua mdomo wa gunia.

Mimi: Chai ilikuwa yangu.

Hawakucheka. Labda ni kwa namna nilivyosema. Nikawaambia yote, kwa taratibu yangu: mbao, mablanketi, upepo, darasa la saba, alto. Nikawaambia kwamba bibi wa jeneza ni yeye, na dada wa panga ni yeye, na kwamba Wembe katika maisha yake amesema jambo moja la kweli, nalo ni kwamba sauti ni moja. Nikawaambia nilikuwa nimeahidi kutosema, na kwamba sasa nimevunja ahadi ya marehemu mbele ya watu wasioweza kufunga mdomo hata wakila, na yatakayosemwa kanisani nitayabeba.

Birika aliacha makaa.

Birika: Ahadi gani, baba? Mstari mzima wa alto tulijua.

Mimi: Mlijua?

Birika: Mtu nimesimama ubavuni mwake kwayani Jumapili zote, nisiijue pumzi yake? Malkia alipofungua mdomo mara ya kwanza, mwenzangu alinifinya paja.

Mimi: Na wazee wa kanisa?

Birika: Mzee wa kanisa gani? Yule wa sadaka alikuwa hakosi bibi wa jeneza. Anakaa nyuma kabisa, kofia machoni, anadhani kofia ni ukuta. Angemwambia nani? Sote tulinyamaza kwa sababu mwenyewe hakutaka isemwe. Ulidhani wewe peke yako una adabu?

Nilikuwa nimewadharau watu wale asubuhi nzima, na sehemu kubwa ya dharau hiyo naishikilia hadi leo. Lakini miaka yote nilikuwa nimelala juu ya siri kama mbwa mlinzi, na siri yenyewe ilikuwa inatembea mtaani, inasalimiana na watu.

Dibaji alikuwa amekunja uso.

Dibaji: Kwa hiyo hakuna mayai.

Wembe: Nyamaza, Dibaji.

Wembe aliinuka. Alimnyang'anya mnunua plastiki ile kanda, si kwa ukali, akaingia dukani, akatoka ameifuta kwa taulo lake jeupe, lile la wateja wa heshima. Akanipa kwa mikono miwili. Hakuomba radhi, hajui zinaombwaje. Alisema, "Kesho pita nikunyoe. Ndevu hizo zimekaa vibaya." Mkwe alisema angezinakili zote mbili, kisha akaukwepa uso wangu. Mnunua plastiki alifunga gunia, akalipandisha kwenye mizani, akasema kanda moja haibadilishi uzito.

Birika alitumiminia kahawa sote, na hela hakudai. Hilo sijawahi kuliona kabla wala baada.

Kanda sijaicheza. Iko nyumbani, juu ya kabati, na nikitaka nitakwenda kwa mkwe na mashine yake. Usiku ule nilipiga magoti upande wangu wa kitanda, na nilisema hivi.

Ee Mungu mwenye huruma, mpokee mjakazi wako. Alikuimbia Jumapili kwa sauti ileile aliyowapa wanawake wa picha, waliokuwa wakifa kila juma mbele ya watu waliokuja kuwatazama mabega, na yeye alimlilia kila mmoja wao kidogo kabla ya kwenda kupika. Kama katika hayo palikuwa na kosa, niandikie mimi, nilikuwa nimekaa pale pale. Wale wanawake nao, popote walipo, walio hai na waliokufa, ambao majina yao hatukuyajua, wahurumie kwa ajili yake. Mpumzishe mahali pasipo baridi. Mwanga wako usimzimikie. Amina.